Miswada ya kale ya pwani: ufunguo akae nao nani?

Mtu wa Lamu anayetaka kushika karatasi alizoandika Muhamadi Kijuma kwa mkono wake atalazimika kwenda London au Hamburg kuzitafuta nyingi kati ya hizo. Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga nakshi, na kwa miaka mingi aliwanakilia Wazungu tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Alice Werner alikuwa mteja wake, William Hichens vilevile, na mwishoni Ernst Dammann aliyefika Lamu miaka ya 1930. Walimlipa, hakuibiwa mtu. Bila biashara ile huenda baadhi ya tenzi tunazozisoma leo zingeshapotea. Ukitaka kulalamika kwamba urithi wetu umetoroshwa, wa kwanza wa kukujibu ni Kijuma mwenyewe.

Nalitaja hili kwa sababu siku hizi kila maktaba yenye nyaraka za kale inasema inataka kushirikisha jamii. Mara nyingi maana yake ni maonyesho, warsha ya siku mbili na picha kuwekwa mtandaoni. Watu wanaitwa waje kutazama vitu ambavyo uamuzi wake ulishapita. Wanaotetea kufungua kila kitu wana hoja nzito, nakiri, na familia zinazokatalia masanduku yao ya miswada nazo si za wajinga kama wanavyosemwa.

Tuanze na wanaotaka kufungua. Pwani si rafiki wa karatasi. Unyevu, chumvi na mchwa havisubiri familia ikubaliane. Mzee aliyejua kila chuo, yaani kitabu, kilichomo sandukuni anafariki, nyumba inagawanywa kwa mirathi, na waliobaki wanaona marundo ya karatasi wasizoweza kuzisoma. Kupiga picha mapema ni busara, na leo inawezekana bila kumnyang'anya mtu chake. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ule ulioasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa nyaraka zilizo hatarini, na asili zikabaki palepale Lamu. Hiyo ni tofauti kubwa na enzi za Kijuma.

Tena mashairi mengi yaliandikwa yasomwe. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni wasia wa mama kwa bintiye, jambo la ndani kabisa, lakini kuelekea mwisho mtunzi mwenyewe anawaita wanawake wengine wausome. Anayeuficha utendi ule kwa jina la heshima anapingana na mwenye utendi.

Lakini sanduku la familia halina tenzi peke yake. Ndani yake mna barua za madeni, talaka, hati za mashamba, vitabu vya falaki na vya tiba, na hirizi alizoandikiwa mtu mmoja kwa shida yake mwenyewe. Hati ya shamba ikionekana mtandaoni si historia tu. Kwenye pwani ambako migogoro ya ardhi haijaisha, inaweza kufika mahakamani kabla mwenye nayo hajajua kuwa imesomwa. Mtafiti anaona chanzo, mwenye sanduku anaona kesi. Kumwambia kwamba anazuia elimu ni kumwonea.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wa maktaba wangefaidika wakilitazama. Pwani ilikuwa na kanuni zake za vitabu kabla ya maktaba hizi. Mtu aliweza kukiweka kitabu wakfu kwa ajili ya wanafunzi wa msikiti au madrasa: kinasomwa, hakiuzwi, hakirithiwi, na yupo msimamizi anayejulikana kwa jina. Hapo matumizi na ulinzi vilikaa pamoja bila kugombana. Ningependa kuona mikataba ya kupiga picha miswada ikianzia hapo, badala ya fomu ya kurasa kadhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza ambayo mzee anatia sahihi kwa kumwamini aliyeileta.

Halafu kuna kuisoma yenyewe, na hapa ndipo ninapodhani mizani inaelemea upande mmoja. Khati ya Kiarabu iliyotumiwa kwa Kiswahili haikuwa na herufi ya kila sauti. Herufi moja ingeweza kusimama kwa b, kwa p au kwa mb, na irabu e na i ziliandikwa kwa alama ileile. Aliyejifunza Kiarabu chuoni hawezi kulitambua neno mpaka awe anaijua lahaja, Kiamu cha Lamu au Kimvita cha Mombasa, na ajue utenzi unakwenda vipi ukiimbwa. Picha nzuri mno ya ukurasa usiosomeka haijamfaa mtu.

Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa ndiye aliyekusanya mashairi ya Muyaka, mshairi wa mji huohuo, na kuyatolea maelezo, miongo kadhaa baada ya Muyaka kufa. Alifanya kazi hiyo na mmisionari William Taylor, karatasi zikaenda Uingereza, na sasa ziko katika maktaba ya SOAS, chuo kikuu cha London. Mkusanyo unaitwa kwa jina la Taylor. Ukipitia orodha za miswada maktabani utaona ndivyo ulivyo utaratibu: Taylor, Hichens, Allen. Aliyebeba anaandikwa juu, aliyejua anaandikwa ndani, akibahatika. Ushirikishwaji wenye maana ungeanzia kwenye orodha hizo, kwa kuwalipa wajuzi wa Lamu, Mombasa na Unguja wazisome upya, wasahihishe, na majina yao yaandikwe kama wataalamu. Fedha za kamera na mashine hupatikana kwa urahisi zaidi kuliko posho ya mzee wa kusoma.

Nakala za picha nazo zisikae mahali pamoja. Oktoba 2023 wadukuzi waliiangusha mifumo ya British Library, na huduma zake nyingi za mtandaoni zilikatika kwa miezi. Karatasi zenyewe za Riyadha zilikuwa Lamu wakati wote huo.

Hata hivyo sikubali kwamba kila kitu kirudi mikononi mwa "jamii" na mambo yaishie hapo. Jamii ni nani? Mwaka 1897 Sultani wa Zanzibar, kwa shinikizo la Waingereza, aliufutia utumwa uhalali wa kisheria. Waliotaka uhuru iliwabidi wauombe mahakamani, na mabwana walilipwa fidia. Maombi yale yaliacha majina kwenye karatasi, ya bwana na ya mtumwa, na nyaraka za zama hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Ukiwauliza wakubwa wa mtaa kama majina hayo yafunguliwe, wengi watasema fitina hiyo ya nini, yaacheni. Ila huenda yuko mjukuu wa mtumwa ambaye karatasi ile ndiyo mahali pekee jina la bibi yake lilipoandikwa, na kwenye kikao cha wakubwa hakualikwa. Kwa nyaraka za aina hiyo mtunza nyaraka asingoje ridhaa ya wenye sauti. Anayetafuta jina la mtu wake apewe jalada, na likizusha maneno mtaani, yazuke.