Kwa taarifa yenu, sikuwa uchi

Kabla hamjanitumia tena ile video yangu nikiwa chini ya pikapu, nisikilizeni na mimi. Sikuwa uchi. Nilikuwa na boksa. Na sikulia, kilichokuwa kikinimeremeta usoni ni oili ya giaboksi. Huyo muuza viazi karai aliyeirusha kwenye grupu la mtaa, ambaye mpaka juzi nilikuwa namwita ndugu yangu, alianza kurekodi mambo yakiwa yameshaharibika, kwa hivyo hamkuona jinsi kazi ilivyokuwa yaenda vizuri. Ilikuwa yaenda vizuri sana.

Pikapu mwaijua, ile ya dizeli ninayobebea nazi kutoka Msambweni kupeleka soko la Kongowea, Mombasa. Kwa muda sasa, tukisimama kwenye foleni ya feri, mkono wa gia ulikuwa wacheza chakacha peke yake. Nikiachia klachi, gdu! Nikipanda mlango wa feri pale Likoni, gdu-gdu, na watu wote wanageuka. Ami yangu mmoja niliyempa lifti alinigusa bega: "Mwanangu, niteremshe hapa hapa, mimi ntavuka na wenye miguu."

Nikaingia chini kuangalia. Mbele, injini na giaboksi zimekalia maunti mbili, vile vikalio vya mpira vya kumeza mtikisiko. Nyuma, mkia wa giaboksi umekalia maunti moja tu ya mpira, nayo imefungwa juu ya krosimemba, kile chuma kinachokingama kutoka chesi upande huu hadi wa pili. Mpira ulikuwa umeshaachana na chuma chake zamani. Sili ya nyuma yavuja, oili yaudondokea, na dizeli yautikisa kutwa. Nikaubonyeza kwa kidole, kidole kikaingia.

Fundi akanitajia bei. Nikamtazama, nikaona ataka na nazi zangu. Nikanunua maunti mpya Mwembe Tayari nikarudi nayo nyumbani. Spana 14, spana 17, jeki. Kazi ya mtu mzima mwenye akili zake, nikajiambia.

Pikapu iko juu, kwa hivyo sikuhitaji kuinua magurudumu. Niliyakinga kwa mawe mbele na nyuma, nikajivuta chini na kikoi changu cha zamani. (Kuna anayeuliza kwa nini kikoi na si ovaroli. Huyo hajawahi kulala chini ya gari Likoni saa saba ya mchana. Tuendelee.)

Shida ya Likoni ni mchanga. Jeki ukiikita juu ya mchanga, badala ya kuinua gari yajizika yenyewe. Nikatafuta ubao, hakuna ubao. Jikoni kulikuwa na mbuzi. Ya kukunia nazi, jamani, nawajua nyinyi. Mti mgumu, mahali pa kukalia papana, na yakunjika. Nikaikunja, nikailaza mchangani, jeki juu yake, na kipande cha gogo juu ya jeki, maana giaboksi ni aluminiamu na sikutaka kuitia ufa. Nikapampu hadi uzito ukahamia kwenye jeki. Mambo yakakaa barabara.

Mbuzi yenyewe ilikuwa ya mama mkwe. Tuliiazima tangu Ramadhani.

Bolti zilikataa. Chumvi ya bahari ilikuwa imeshazila, na anayepita feri kila siku ajua nasema nini. Nikazimwagia mafuta taa, nikazigonga, nikazisomea dua. Moja moja zikaja, mpaka ikabaki ya mwisho, upande wa kushoto.

Sasa hapa twende polepole.

Nimelala chali, miguu nje upande wa kulia. Ncha ya krosimemba iliyo juu ya mapaja yangu imeshaachia chesi. Chuma kizima kimeshikiliwa na ile bolti ya kushoto na jeki iliyo katikati. Nimenyoosha mikono kupita jeki, nazungusha spana. Bolti yaja. Yaja. Nikasikia: krrr. Nikafurahi, nikadhani ni kutu yaachia. Nikazungusha tena. Krrr. Nikapumzika kidogo kufuta jasho, mikono yangu yote miwili iko usoni, na nikasikia krrr ya tatu.

Nikageuza shingo. Mbuzi ilikuwa yapasuka, taratibu kabisa, kwa kufuata mshipa wa mti, nusu yaelekea Mtongwe nusu yaelekea Shelly, na katikati yake jeki yateremka kwa adabu zote. Giaboksi ikaifuata. Huko mbele injini ikainamia nyuma, feni ikagusa kava ya redieta: tak. Ile ncha ya krosimemba ikashuka, ikapita kando ya paja langu kwa upana wa vidole, ikatua juu ya pindo la kikoi na kulizika mchangani. Tone la oili likanidondokea kwenye paji la uso. Kimya.

Nikatikisa miguu, ipo. Nikajipapasa, kila kitu kipo. Alhamdulillahi. Nikavuta kikoi, hakiji. Nikavuta kwa nguvu. Kilichokuja ni fundo.

Na hapo ndipo niliposikia, "Hodi!"

Chini ya mlango wa gari nikaona pindo la buibui, ndara za kung'aa na miguu yenye hina mpya. Nikanyamaza. Mtu aliye chini ya gari aweza kunyamaza akafanya hayupo, lakini vifundo vya miguu yangu vilikuwa juani.

"We baba, si wewe huyo?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wafanya nini huko?"

"Natengeneza gari, mama."

"Mungu akuwezeshe. Nimefuata mbuzi yangu. Jioni twapika wali wa arusi na mbuzi zote za mtaa zimeshaazimwa."

Mbuzi yake nilikuwa naitazama. Nusu moja ilikuwa karibu na sikio langu.

"Iko karibu, mama."

"Basi toka unipe."

"Siwezi kutoka sasa hivi, mama. Nimeshikwa."

"Umeshikwa na nini?"

Kuna majibu ambayo mtu hampi mkwe wake.

"Na kazi, mama."

"Haya, si neno. Ntangoja." Akaitisha kiti. Wallahi, akaletewa kiti, akaketi, miguu yenye hina hatua mbili kutoka yangu, akaanza kuniuliza habari za bei ya nazi. Nami namjibu! Nimelala na boksa ambayo lastiki yake imeshachoka, namweleza mama mkwe kwamba Kongowea nazi zimekuwa adimu.

Huyo muuza viazi ndiye aliyepita, akaona mzee wa watu anaongea na gari, akainama kuchungulia. Badala ya kuniletea jeki yake akapiga ukelele: "Jamani! Gari imemvua kikoi!" Kisha akatoa simu. Yaliyobaki mmeyaona.

Msichokiona kwenye video ni mama mkwe akisimama taratibu, akigeukia ukutani, akimwita binti yake kwa sauti ya msibani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanirushia leso. Jaribuni siku moja kujifunga leso mmelala chali chini ya giaboksi. Nikatokea upande wa pili, nikazunguka gari kuelekea mlangoni, na maandishi ya leso mwajua hukaa wapi. Yalisema: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikapita nayo mbele ya mkwe. Nikamwamkia tena, sijui kwa nini. Akaitikia ukutani.

Vijana wa bodaboda wakaja na jeki mbili na mbao za kweli, wakainua, wakafunga maunti mpya, wakataka hela ya soda. Kikoi kimekuwa tambara. Mbuzi mpya nimeinunua Marikiti na mke wangu ndiye aliyeipeleka, maana mimi kule siendi mpaka arusi isahaulike.

Mkono wa gia sasa umetulia kabisa. Gdu bado ipo. Fundi ameisikiliza barabarani akasema hiyo ni krosi ya propela, kile kiungo cha shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na kuibadilisha yabidi mtu aingie chini. Nimempa bei yake yote bila kubishana.