Bunduki ya kuundiwa: hesabu ianzie kwenye risasi

Baba mdogo alifanya kazi ya kufuata nyayo za mbogo kwenye vitalu vya uwindaji kule Selous, na mpaka uzeeni bunduki aliyoisifu ilikuwa moja tu, ya risasi nzito iitwayo .375 H&H. Mimi naishi Colorado, mnyama ninayemfuata ni elki, yaani kulungu mkubwa wa huku, lakini nilipoanza kuweka akiba ya kuundiwa bunduki yangu, ni hiyo hiyo niliyoiota. Namshukuru sana fundi aliyeniuliza swali kabla hajapokea hata senti: "Mwaka jana ulipiga risasi ngapi?" Nikamjibu, kumi na mbili. Hizo hazimtoshi mtu kuizoea bunduki.

Naona wengi wetu tunaanzia mwisho. Tunabishana kuhusu kampuni ya mtutu na rangi ya kitako, wakati uamuzi unaobeba bajeti nzima ni aina ya risasi. Ngoja nieleze kwa bunduki yangu yenyewe.

Nilikuwa na mtambo wa zamani, yaani ile sehemu ya chuma inayopokea risasi na kuifyatua, wa Mauser 98, bunduki ya kijeshi ya Kijerumani. Aliniuzia mzee mmoja jirani yangu, na tulipitia kwa muuzaji mwenye leseni ili nichunguzwe kwanza, kama sheria ya Colorado inavyotaka. Ni mtambo ninaoupenda kwa dhati. Bolti yake, chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu na kuifungia humo, ina ukucha mpana unaoishika risasi mara inapochomoka kwenye magazini na hauiachii mpaka ganda litoke, hata mkono ukitetemeka. Ndiyo maana wawindaji wa wanyama hatari wameuamini miaka yote hii.

Tatizo ni urefu. Mtambo huo uliundwa kwa risasi yenye ganda la milimita 57. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, ina ganda la milimita 72, na ukiipima nzima inafika 91. Kuiingiza humo lazima ukate chuma nyuma na mbele, na huko mbele ndiko meno ya bolti yanakoegemea bunduki inapolia. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hiyo vizuri. Mimi sikutaka uso wangu uwe jirani na chuma kilichopunguzwa, na mtambo mrefu uliotengenezwa maalumu ungemeza akiba yangu yote kabla sijanunua mtutu.

Wajerumani walilitatua jambo hili zamani. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin alitoa risasi ya 9.3x62, akaipima iingie kwenye Mauser ya kawaida, na ikapendwa sana na walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, kwetu kukiwemo. Niliitamani, kwa sababu ya historia hiyo zaidi ya kitu kingine. Lakini katika miji midogo ninakopita kwenda porini siioni madukani. Nikachagua .30-06, ya mwaka 1906, ambayo nayo inaingia kwenye mtambo huo, na ambayo karibu kila duka la uwindaji huku linayo, na elki wameanguka kwayo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Bajeti ilikuwa dola 3,000. Mtutu pamoja na kazi ya kuufunga, 900. Darubini na vishikizo vyake, 750, na hapo sikubali kubana hata kidogo, kwa sababu elki hutoka vichakani alfajiri na magharibi, saa ambazo kioo hafifu kinakuonyesha kivuli tu. Kitako cha faibaglasi, 400. Kifyatulio, 150. Risasi za mazoezi, 500, na fedha hiyo niliitenga ya kwanza. Zilizobaki 300 niliziita za dharura.

Ziliisha mapema. Mauser ya kijeshi haikuundwa kubeba darubini: mkono wa bolti ukiinuliwa unaigonga, kufuli ya usalama nayo inapinduka juu na kuigusa, na chuma cha juu hakina matundu ya skrubu. Mkono ukakatwa na kuchomelewa upya, kufuli ikabadilishwa, matundu yakatobolewa. Anayenunua mtambo wa zamani kwa bei poa aziandike kazi hizi tatu kwenye daftari siku ile ile.

Uzito nao upange mapema. Milima ya huku inapita mita 3,000, na kila gramu unaipanda nayo. Hata hivyo bunduki nyepesi mno hupiga teke bega mpaka ukaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Yangu ina karibu kilo nne na darubini yake, na nimeridhika.

Kabla ya msimu nilipiga risasi 160, nyingi nikiwa nimepiga magoti au nimekaa chini, maana porini hakuna meza. Kitako cha mti wa jozi, ambacho ndicho kilichonivutia tangu mwanzo, hakikuingia kwenye hesabu. Ubao nimeshauchagua. Uko kwenye rafu ya fundi, una jina langu kwa penseli, nami nitaulipia mwakani.