Herufi nne na daftari la dukani

Binti mmoja wa mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, kaposwa. Mposaji ni fundi friji, kijana wa makamo ya miaka 30, mkimya. Kabla posa haijajibiwa, binti alimtumia kwenye simu kile kipimo cha tabia cha bure ambacho vijana wengi siku hizi wanakijaza, na majibu yakarudi na herufi nne, kila moja ikisimamia upande mmoja wa tabia: miongoni mwake, mtu wa kujitenga, wa mipango, anayetanguliza akili kuliko moyo. Binti akaridhika, kwa kuwa herufi zake na za kijana zinasemekana kuoana. Bibi yake hakubisha wala hakusifu. Alijitanda kanga akaenda kuulizia.

Barazani hadithi hii imezua ubishi wa wiki nzima. Mimi niko upande wa bibi, ila si kwa sababu wanazozitoa wazee.

Wazee wanasema herufi ni mambo ya kizungu. Haya, lakini kuwagawa watu mafungu si jambo geni pwani hii. Waganga wa Kiyunani, na baada yao matabibu wa Kiislamu, waliwapanga watu kwa maji manne ya mwili: damu, belghamu (makohozi), safura na sauda (nyongo nyeusi). Hata safura tunayoitaja leo kama ugonjwa, asili ya jina lake ni nyongo ya manjano. Falaki yetu nayo ina nyota za moto, za upepo, za maji na za udongo. Anayecheka herufi za binti huku akijua nyota yake ni Asadi, anacheka mgongo wa mwenzake.

Herufi zenyewe zina ukoo wao. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa Uswisi, alichapisha maelezo ya aina za watu, wale nguvu zao zinazoelekea ndani na wale zinazoelekea nje. Huko Marekani, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, ambao hakuna kati yao aliyesomea saikolojia, waliyachukua mawazo hayo na kuyageuza dodoso. Ndiko yalikotoka makundi 16, yale yanayotajwa kwa herufi nne.

Kipimo hiki kina wema wake, na siutaki ufichwe. Utotoni nilikuwa sisemi. Wageni wakija najificha uani, na nikiitwa kuamkia, shikamoo inatoka kwa kunong'ona. Nikaambiwa nina kiburi, kisha mjinga, na kuna mwalimu aliyesema huenda nimechezewa na wachawi. Laiti angepatikana mtu wa kumwambia mama kwamba wako watoto wanaochoshwa na kundi na kupumzishwa na upweke, wala si ugonjwa, ningeepushwa na mengi, pamoja na kunyweshwa kombe moja chungu sana. Jina sahihi la hali yako linaweza kukutua mzigo.

Ubaya unaanza pale jina linapogeuka hukumu. Tafiti zilizowapa watu kipimo hicho mara mbili, kwa kupishana wiki tano tu, zimekuta hata nusu yao wakihamia kundi jingine. Sababu si ya ajabu. Watu wengi wako katikati, kipimo kinapiga mstari hapo hapo katikati, basi ukijibu maswali mawili tofauti kidogo umeshavuka. Ni kama kusema bahari ina maji kujaa na maji kupwa basi, ilhali kila mvuvi anajua kwamba saa nyingi za siku maji yako njiani.

Tena mtu hupenda kusifiwa kwa maneno mapana. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani yameandikwa kwa ajili yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi zake alizitoa kwenye kitabu cha nyota.

Wanasaikolojia wenyewe wengi walishayaacha makundi. Wanapima kwa viwango, katika mambo matano: udadisi wa mapya, uangalifu wa kazi na ahadi, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kufadhaika. Vipimo hivi vimesimama imara zaidi, na uchunguzi wa mapacha unaonyesha karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi. Hata hivyo, mwaka 2013 watafiti waliowapima watu 632 wa kabila la Tsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, hawakuyakuta yale matano yakijipanga kama yalivyotarajiwa. Kwa hiyo tusiyaapie.

Kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Walter Mischel alionyesha kwamba uhusiano kati ya alama za kipimo na anachofanya mtu mahali fulani ni nadra kuvuka 0.30, pale ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Wapo waliodhani tabia imekwisha zikwa. Mwaka 1979 mwanasaikolojia mwenzake Seymour Epstein akajibu: tendo moja halitabiriki, lakini kusanya matendo ya siku nyingi, utaona mtu ni yuleyule kwa kiasi kikubwa.

Hapo ndipo bibi anaponikosha. Alikwenda kwanza kwa mwenye duka anayemkopesha kijana. Muuzaji akatoa daftari la madeni, lile la kona zilizokunjika na madoa ya mafuta ya taa, akampitisha ukurasa kwa ukurasa: unga, sukari, vocha, na kila mwisho wa mwezi mstari mwekundu wa kulipa. Mwezi mmoja mstari haupo. "Alikuja mwenyewe mapema, akaniambia mwezi huu sina," muuzaji alisema. Daftari lile ni matendo ya miaka miwili, na aliyeyaandika si kijana. Hata utafiti wa kazini umekuta kwamba uangalifu wa mtu, ukielezwa na wanaomwona kila siku, hutabiri utendaji wake vizuri kuliko anavyojieleza mwenyewe.

Sisemi majirani ni mizani isiyodanganya. Wapo wenye fitina, wapo wanaoficha aibu ya mtaa, na kila mmoja anamwona mtu upande mmoja tu. Muuza samaki mmoja wa Sahare, ambaye friza lake hutengenezwa na kijana huyu, alimwambia bibi kwamba yule ni msemaji hodari na mcheshi kupindukia! Mwenye nyumba wake anasema hajapata kusikia sauti yake zaidi ya salamu. Wote wawili wanasema kweli.

Swali moja bibi amelirudisha bila jibu. Kawauliza wote watatu: "Akikasirika yukoje?" Hakuna aliyewahi kuona. Kwa hiyo posa imesimama kwanza, na mjomba wa binti kaagizwa amchukue kijana hadi Pangani kwa mashua, amwone akikasirika, maadamu kusi limeshaanza. Mjomba kacheka, kasema mashine ya mashua yake haikawii kuzimika.