Kabla ya kumpa mtu kitufe cha kuzima

Januari ya mwaka juzi, asubuhi ya kufungua shule, nilipigiwa simu na kijana anayesimamia mfumo wa ada katika shule moja ya binafsi. "Kaka, risiti hazitoki." Wazazi walikuwa wamepanga foleni mpaka nje ya ofisi ya mhasibu, kila mmoja na karatasi yake ya benki mkononi, watoto wamekaa juu ya matranka. Majina ya wanafunzi yalionekana vizuri na malipo yaliingia. Risiti tu ndiyo iligoma.

Tukaanza kutafuta tukiwa kwenye simu. Usiku wa kuamkia siku hiyo seva ilikuwa nzito, kijana akaingia kwenye ukurasa wa msimamizi, akakuta moduli 26, yaani vipande vya programu vinavyowashwa na kuzimwa kimoja kimoja, zimepangwa kwa alfabeti, akazima mbili ambazo hakuona kazi yake. Moja ilikuwa na jina "zana-msingi 2.3". Ndiyo hiyo iliyokuwa inageuza tarakimu kuwa maneno, ile "shilingi laki tatu na hamsini elfu tu" inayoandikwa chini ya risiti, na bila maneno hayo moduli ya risiti haikubali kuchapa.

Ukurasa ule niliuchora mimi. Kijana hakuwa mzembe hata kidogo. Nilimpa jina la moduli, namba ya toleo, jina la mtengenezaji na kitufe. Hayo yote ni mambo yanayonihusu mimi ninayeandika programu. Yeye usiku ule alikuwa na swali moja tu: nikizima hii, nani atakwama kesho? Hakukuwa na mahali popote kwenye skrini palipomjibu.

Tangu siku hiyo sikubali tena kuuita ukurasa wa kusimamia moduli kuwa umekamilika kama haujibu swali hilo, hata uwe na rangi za kupendeza namna gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mashine ilikuwa na jibu. Mifumo mingi ya moduli inajua ipi inaitegemea ipi, maana bila kujua hivyo haiwezi hata kuwaka kwa mpangilio. Chukua OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, na watu wa AMPATH, mpango wa huduma za afya kule Eldoret, Kenya. Leo KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa ya Kenya na Uganda, zimejengwa juu yake. Moduli zake ni faili zinazoishia na .omod, na ndani ya kila faili kuna karatasi ya maelezo iitwayo config.xml ambamo mtengenezaji anataja moduli ambazo yake haiwezi kufanya kazi bila hizo. Taarifa ipo, imeandikwa, inasomwa na kompyuta kila inapowaka. Kazi ya mchora skrini ni kuitoa humo na kuiweka mbele ya macho ya mtu, kwa maneno ya kazi yake, kabla kidole hakijafika kwenye kitufe.

Nasema kabla, kwa sababu wengi wetu tunaiweka baada. Mtu akishabonyeza, kinatokea kisanduku: "Una uhakika?" Kisanduku hicho hakimsaidii mtu yeyote. Angekuwa hana uhakika asingebonyeza, na akishakiona mara tano, mara ya sita mkono unabonyeza "Ndiyo" wenyewe. Mwandikie badala yake: "Ukizima hii, Risiti na Ripoti ya Mwezi zitazimika nayo. Watu 4 wanazitumia sasa hivi." Hapo umempa kitu cha kufikiria. Na kama muda ni mbaya, mpe nafasi ya kupanga izimwe saa nne usiku.

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ilikaa miaka mingi bila kuwa na utaratibu wake wenyewe wa kujua programu-jalizi (ndivyo moduli zinavyoitwa huko) ipi inaitegemea ipi. Toleo la 6.5 la mwaka 2024 ndilo lililouleta, na sasa huwezi kuzima inayotegemewa wakati inayoitegemea bado imewashwa. Wamefanya vizuri, ingawa napenda zaidi walichofanya mwaka 2019 kwenye toleo la 5.2: programu-jalizi ikiangusha tovuti, msimamizi anatumiwa barua pepe yenye kiungo cha kuingilia, na akiingia kwa njia hiyo anakuta ile yenye hitilafu imesimamishwa kwa upande wake ili aweze kurekebisha. Hapo kuna mtu aliyekaa akafikiria mwenzake aliyefungiwa nje.

Drupal, programu nyingine ya kutengenezea tovuti, walikwenda mbali zaidi. Zamani moduli ingeweza kuwa imewashwa, imezimwa, au imeondolewa kabisa. Toleo la 8, lililotoka Novemba 2015, likafuta hali ya katikati. Moduli ama ipo inafanya kazi, ama imeondoka na data zake. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nililipinga, nikaona wanamnyima mtu uhuru. Sasa nawaelewa. Data za moduli iliyozimwa zinabaki kwenye hifadhidata bila wa kuzitunza huku mfumo mwingine wote ukiendelea kubadilika, na siku ukiiwasha tena inaamka kwenye nyumba isiyoifahamu. Mimi bado naruhusu moduli izimwe, kwa sababu mafundi wangu wanahitaji kufanya hivyo wanapotafuta hitilafu, lakini skrini inaonyesha siku ambazo moduli imekaa imezimwa.

Kuna nyakati kitufe chema ni kile ambacho hakipo. OpenMRS ina mpangilio wa kwenye seva, module.allow_web_admin, unaozuia moduli zisiongezwe wala kuondolewa kupitia kivinjari. Kwenye kituo chenye wagonjwa benchini, mimi ningeufunga bila kusita.

Ukurasa wa shule nimeuchora upya. Mpangilio wa alfabeti umeondoka, moduli zimekusanywa kwa ofisi zinazozitumia, na chini ya kila moja kuna sentensi moja ya Kiswahili inayosema kazi yake. Sentensi hizo sikuziandika mimi. Nilikaa na mama mhasibu siku mbili, nikamwonyesha moduli moja moja na kinachotokea ikizimwa, akaandika mwenyewe. Kwa "zana-msingi" aliandika: "Bila hii mzazi haondoki na risiti."

Kwenye moduli tano kalamu yake ilisimama. Yeye hakujua zinamsaidia nani, kijana hakujua, na mimi niliyeziweka sikuweza kueleza. Tatu tumeshaziondoa baada ya kuzijaribu kwenye seva ya pembeni. Mbili bado zipo, na chini yake pameandikwa tu: "Usizime. Piga simu kwanza", na namba yangu.