Mhazini Kichwa Chini Miguu Juu

Tarehe 21 Desemba 2020 sayari za Mshtarii na Zohali zilisogeleana angani mpaka ukizitazama kwa macho matupu unaona kama kitu kimoja, zimeachana kama moja ya tano tu ya upana wa mwezi mpevu, na mara ya mwisho watu kuziona karibu hivyo ilikuwa 1226, sasa hiyo mtu unaiachaje ipite? Nikapandisha darubini yangu ya mtumba kwenye paa la nyumba tunayopanga Magomeni, jua lilipozama tu nikaielekeza magharibi, aisee, zote mbili ndani ya lenzi moja! Mshtarii na vijimwezi vyake kwenye mstari, pembeni Zohali na pete yake. Nikapiga ukelele, nyumba nzima ikapanda.

Shangazi akasema mkubwa ndo anaanza. Nikamwambia shangazi angalia tu usishike, akajibu hewala baba, huku mkono ushakumbatia bomba na bomba lenyewe lishainama kuelekea mtaa wa pili. "Mbona ukungu?" Akakamata kile kifundo cha pembeni akawa anakizungusha kama anatafuta stesheni ya redio. Kimya. Halafu:

"Heee! Si mhazini huyu?"

Mhazini wa kikoba chao. Wiki ile ndo walikuwa wavunje kikoba wagawane, mwenzao akatuma meseji yuko Tanga msibani.

"Yuko barazani kwake anakaanga vibua! Ila mbona kichwa chini miguu juu?"

Nikaanza kueleza kwamba darubini za kioo hivi, hii aina aliyobuni Newton, zinageuza picha, na kwa sayari haina shida maana kule hamna juu wala chini, nani anasikiliza sasa. Mama wa chumba cha uani akainama akatazama weee, akanyanyuka taratibu. "Na mafuta hayamwagiki," akanong'ona. Aliyefuata akaanza kusoma dua. Wa nyuma yake akamsukuma, "Dua za nini, we huoni doti mpya ya khanga hiyo? Hela zetu!"

Walivyoshuka zile ngazi mimi nilishika ukuta. Mmoja akapitia na mguu wa stendi, darubini chali, mpaka naisimamisha na kuitafutia tena shabaha sayari zishajificha nyuma ya ghorofa la jirani, na zenyewe siku ile zilikuwa zinazama mapema, kama saa mbili tu baada ya jua.

Wakarudi wanacheka, bahasha mkononi na sahani ya vibua juu (mhazini eti alirudi kutoka Tanga mchana uleule, basi la haraka). Shangazi akanipa kimoja cha moto.

"Haya niwekee sasa hizo nyota zako."

"Zimeshaondoka shangazi."

"Zinarudi lini?"

"Kukaribiana hivi tena, Machi 2080."

Akalamba vidole. "Basi siku hiyo mi ndo wa kwanza, asinitangulie mtu."