Milioni ya Mzee Nyavu

Mwezi wa sita ukishafika mwisho mwisho, mimi huacha kuwa mwenye saiba. Nakuwa daktari, kadhi na mganga, vyote kwa pamoja. Kibanda changu kiko Likoni, Mombasa, kompyuta nne na printa moja yenye kikohozi. Siku za kawaida watu huja kutoa kopi ya kitambulisho wakaenda zao. Ikikaribia 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi, yaani marejesho, za mwaka uliopita, foleni hutoka mlangoni ikapinda hadi kwa muuza mihogo, na muuza mihogo ndiye anayefaidi kuliko mimi.

Halafu maswali. "Kijana, yaitwa marejesho, mbona hakuna kinachorejeshwa?" Hilo huulizwa kila mwaka na kila mwaka sina jibu. "Mimi sina kazi, nitajaza nini?" Utajaza nil. "Nil ni shilingi ngapi?" Nil ni sifuri, mama, ila mimi utanipa mia. "Basi si sifuri hiyo." Kuna aliyefunguliwa PIN, ile namba ya mlipa kodi, na kijana wa saiba nyingine, kwa barua pepe ya kijana mwenyewe, na kijana sasa yuko Qatar. Kuna aliyesahau paswadi akanitolea macho kama kwamba nimemfichia. Hata ukiipata hiyo paswadi, iTax, tovuti ya kodi, haikufungulii mpaka ujibu kahesabu kadogo, tuseme hamsini na saba toa kumi na mbili. Hapo foleni nzima hujibu kwa sauti, kila mtu na jibu lake.

Mwaka 2019 tarehe 30 iliangukia Jumapili. Adhabu ya kuchelewa kwa mtu binafsi ilikuwa imeshushwa kutoka 20,000 hadi 2,000, na nadhani hapo ndipo nilipoponzwa. Elfu ishirini humwamsha mtu tangu Februari. Elfu mbili humtoa nyumbani Jumapili, baada ya alasiri, tena akiwa ameshakula.

Miongoni mwao alikuwemo mzee tunayemwita Mzee Nyavu, mvuvi aliyeacha bahari na sasa hushona nyavu za wenzake. PIN aliichukua alipotaka kuvuta stima, na tangu siku hiyo hana budi kuiambia serikali kila mwaka kwamba hana kitu. Nil yake ni kazi ya dakika mbili. Nyuma yake akaja karani wa kampuni ya kontena na P9 yake mkononi, karatasi ya mwajiri yenye mshahara na kodi iliyokatwa mwaka mzima. Akaniachia, akaenda kuitazama Uganda ikicheza na Misri.

Sasa balaa ni hili: wale wawili wana jina moja. Si la kwanza tu, yote matatu, lake, la baba na la babu. Huku kwetu si ajabu, ukiliita jina hilo pale feri watageuka abiria wanane na makanga. Kwenye daftari langu nimeandika jina, PIN na paswadi, na mistari yao miwili imefuatana kama mapacha.

Saa nne na nusu usiku, mtandao unavuta miguu, tumboni nina andazi moja la tangu asubuhi. Nikafungua ile fomu ya Excel, nikaruhusu makro, nikapiga PIN. PIN ya Mzee Nyavu. Kisha nikashika P9 ya karani, nikaingiza mshahara wa mwaka mzima, 1,128,000, nikaingiza na kodi iliyokatwa, nikahakiki, likatoka faili la zipu, nikalipandisha. Likapokelewa bila kinyongo. P9 ina PIN ya mwenyewe juu kabisa, herufi kubwa kubwa. Sikuitazama. Halafu nikaingia kwa karani nikampigia nil, dakika mbili.

Mimi nina tabia ya kumpa mteja risiti pamoja na ukurasa wa hesabu, nimezibana kwa pini. Saiba nyingine hawafanyi hivyo, na mpaka siku ile nilikuwa najivunia. Nikamwamsha Mzee pale kwenye benchi.

"Tayari, mwanangu?"

"Tayari mzee. Huna deni lolote."

Na kweli hakuwa na deni. Akazikunja karatasi, akazitia mfuko wa kanzu, akaenda kulala.

Jumatatu asubuhi, hata pazia sijafunga vizuri, mlango ukajaa mkewe. Bi mkubwa huyu anauza mahamri, na hesabu ya pesa haimpiti hata ukiiandika kwa Kizungu. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ilikuja fupi. Akafungua pindo la leso, akatoa karatasi zangu, akazilaza mezani.

"Nisomee hapa."

"Milioni moja, laki moja na ishirini na nane elfu."

"Za nani?"

Nikatazama risiti. "Za... Mzee."

"Za mwaka?"

"Za mwaka."

"Na mimi unga nakopa kilo mbili mbili."

Nikaiangalia ile PIN, kisha daftari, kisha PIN. Jasho likanitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nikamweleza yote, majina, P9, andazi moja. Akanisikiliza kimya. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini chini ambacho kilinitisha kuliko ugomvi.

"Hebu ngoja. Umekosea?"

Kumbe usiku ule alimsimamia Mzee kitandani na karatasi mkononi, akamuuliza neno moja tu: "Pesa ziko wapi?" Mzee, katikati ya usingizi, akajua ameshikwa. "Zile elfu kumi na moja ni za injini tu, mama, wallahi. Zimo ndani ya boya." Bi mkubwa akachukua kisu cha jikoni, akaenda uani, akalipasua boya. Ndani mlikuwa na elfu kumi na nne na mia tano.

Hapo Mzee mwenyewe akaingia, anahema, kofia imekaa upande. Ikabidi nianze tena tangu mwanzo.

"Kwa hivyo hakuna milioni?"

"Hakuna, mzee."

"Na huyu habari za boya hakuzijua?"

"Hakuzijua."

Akakaa kwenye benchi lile lile alilolalia. Akaitazama printa kwa muda mrefu. "Miaka miwili nimeificha," akasema, "hata samaki hawakujua."

Ritani zote mbili nilizirekebisha siku hiyo hiyo, bure, na nikazichapisha kwa mikono inayotetemeka. Karani hakunigombeza sana. Uganda ilikuwa imefungwa mbili bila, alikuwa na msiba wake.

Mwaka uliofuata Mzee alikuja mapema, tarehe mbili Juni. PIN yake ameiandika kwenye kipande cha boksi, hakikubali kumtoka mkononi. Akanisomea tarakimu moja moja, mara tatu, akisimama nyuma ya bega langu. Mkewe alikuwa naye. Akaniwekea mahamri sita mezani, akashusha barakoa nimsikie vizuri, akainama.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "na mwaka huu mkosee tena kidogo."