Mkopo wa kikundi cha ngoma utarejeshwa na nani?

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anashauri vikundi vya mtaani vinavyotumia ngoma na maigizo kuwasaidia wenye sonona vikakope kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ule wa serikali unaowakopesha wasanii kupitia benki. Hapo ameniacha njia panda. Msanii wa Bongo Fleva akikopa atapiga shoo, atalipa. Kina mama wa mtaani kwetu wanaokutana Jumamosi jioni kupiga ngoma watamuuzia nani tiketi? Kuna mjane alikuwa anakaa pembeni ya mkeka, neno halimtoki. Siku hizi ndiye anayekoka moto wa kukaza ngozi za ngoma, na anawafokea wanaochelewa. Faida ndiyo hiyo, na benki haiipokei kama rejesho.

Wala si porojo za kijiweni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, ya akili ikiwemo. Sisemi ngoma ni mbadala wa dawa. Wa kupelekwa Mirembe, hospitali ya afya ya akili kule Dodoma, apelekwe Mirembe. Wengi hawajafika huko, wamekosa watu tu.

Gharama zenyewe ni ndogo: ngozi ikipasuka, chai, nauli ya anayetoka mbali. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu nayo ni mikopo vilevile. Tunaomba ruzuku, hata kiduchu, ipitie kwa ofisa utamaduni wa wilaya. Risiti za ngozi tutamletea.